Supamaketi za kanda na wenye mali zao: mfungashaji wa Unguja na Pemba ampelekee nani mzigo?

Biashara ya supamaketi, ukiivua taa na viyoyozi vyake, ni mali kauli. Umefungasha mdalasini wako Kizimbani au umekata sabuni ya mwani Paje. Leo unapeleka mzigo, tajiri anaupanga kwenye rafu, mteja anachukua na kulipa taslimu, na fedha yako inakuja baada ya siku 30, 60 au 90, kwa kadiri mlivyoandikiana. Muda wote huo fedha iko kwake. Anayekopesha hapo ni wewe, ingawa yeye ana matawi mia moja na wewe una mashine moja ya kubania pakti.

Ndiyo maana kuuliza supamaketi fulani ni ya nani si umbea. Benki haikupi mkopo mpaka ijue wewe ni nani, unaishi wapi na nani atakudhamini. Sisi tunatoa mkopo wa miezi miwili kwa mtu ambaye jina lake tunalisoma kwenye kibao cha mlangoni, na mara nyingi jina hilo si la mwenye mali. Huwa nawasaidia akina mama wa vikundi vya viungo na sabuni kusoma mikataba na kupanga hesabu, na swali linalorudi ni lile lile: tupeleke Dar, tupeleke Kenya, au tubaki na maduka ya hapa hapa? Ninayoandika hapa ni ya upande wa anayeiuzia supamaketi. Anayetafuta wapi maziwa ni rahisi hatapata kitu.

Kwanza tuelewane jinsi fedha inavyozunguka. Supamaketi inayoiuza pakti yako kwa wiki mbili na kukulipa baada ya wiki nane ina wiki sita za kuitumia fedha yako bila riba. Zidisha kwa wapelekaji mia kadhaa, utaona mtaji wa kufungulia tawi jipya unatoka wapi. Maadamu matawi mapya yanafunguliwa, mali mpya inaingia na mauzo yake yanalipa madeni ya zamani. Siku matawi yakiacha kuongezeka, shimo linaonekana, na aliye ndani ya shimo ni mpelekaji. Karibu visa vyote vya supamaketi za Afrika Mashariki zilizoanguka vimepita njia hii. Tofauti ni nani alikuwa mwenye mali, na alifanya nini maji yalipomfika shingoni.

Zilizokufa

Uchumi ilianzishwa Kenya mwaka 1975 na mashirika ya umma, ikaingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1992. Mwaka 2006 ilifunga milango na kuwekwa chini ya mfilisi, serikali ikaiokoa, ikarudi sokoni 2011. Mwaka 2014 hisa zake ziliorodheshwa pia kwenye soko la hisa la Dar es Salaam, na wengi tukaona hilo ni dhamana tosha. Oktoba 2015 ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Kampuni yenye mkono wa serikali na yenye hesabu za wazi ilikuwa na faida moja kwa mpelekaji: dalili zilionekana mapema kwa aliyekuwa tayari kuzisoma. Ubaya wake ni kwamba kila aliyedai aliambiwa asubiri, serikali italeta fedha. Kwa mtu wa pakti mia tano, kusubiri serikali ya nchi nyingine si mpango wa biashara.

Nakumatt ndiyo iliyotuuma zaidi huku Tanzania. Jina lake limetokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro la Nakuru, na mwenye kuiendesha alikuwa Atul Shah na familia yake. Hapa niseme jambo lililonishangaza siku nyingi: Nakuru imezaa sehemu kubwa ya supamaketi za Kenya. Nakumatt ni ya huko, Tuskys ilianza kama Tusker Mattresses huko huko, magodoro tena, Naivas ilianzia Rongai karibu na hapo, na Quickmart nayo ilifungua mlango wake wa kwanza Nakuru mwaka 2006. Mji mmoja wa bara umetutawalia rafu.

Nakumatt ilikua hadi kupita matawi 60 katika nchi nne. Mwaka 2014 ilinunua maduka matatu ya Shoprite, Dar es Salaam na Arusha, na kila mfungashaji wa Tanzania akataka kuingia. Mwaka 2017 rafu zilianza kubaki wazi kwa sababu wapelekaji walikataa kuleta mali. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Mabenki yalikuwa na dhamana mkononi. Mpelekaji alikuwa na ankara. Kwenye ufilisi, mwenye dhamana hulipwa mbele na mwenye ankara hungoja kitakachobaki, na hapo hakikubaki cha maana. Matawi sita ya mwisho yalichukuliwa na Naivas.

Somo la Nakumatt kwangu si kwamba familia ni mbaya. Ni kwamba karibu mali yote ilikuwa ya familia moja isiyolazimika kumwonyesha mtu wa nje hesabu zake, kwa hiyo mpelekaji aliona rafu zimejaa na akaamini. Dalili ya kwanza aliyoipata ilikuwa malipo kuchelewa, na kufikia hapo alikuwa ameshapeleka mizigo mitatu mingine.

Tuskys ni kisa cha warithi. Mzee Joram Kamau aliijenga, akafariki mwaka 2002, ikabaki kwa watoto wake saba. Ndugu walipelekana mahakamani kwa tuhuma za fedha kuchotwa, wakati huo huo kampuni ikifungua matawi hadi Uganda. Mwaka 2020, korona ilipokuja, haikuwa na nguvu ya kustahimili: wapelekaji wakasimamisha mali, wenye majengo wakafunga milango, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya matawi ilikuwa imekwisha. Sisi watu wa visiwani tunajua vizuri mirathi inavyoweza kuigawa nyumba ya vyumba vinne, seuze kampuni ya matawi sitini.

Zilizohama

Hawa hawakufa, waliondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, ikafunga Kenya na kuondoka Uganda kufikia 2021. Game, iliyokuwa Mlimani City, ilikuwa ya Massmart, na Massmart ilikuwa mikononi mwa Walmart ya Marekani. Ilifunga Tanzania mwaka 2022 pamoja na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Magharibi. Choppies ya Botswana, ambayo mwenyekiti wake aliwahi kuwa rais mstaafu Festus Mogae, iliingia Kenya kwa kununua maduka ya Ukwala, nayo haikukaa.

Kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Johannesburg ikiona nchi fulani haileti faida, wenye hisa wanaishinikiza iache. Kwa mpelekaji mdogo huyu ni nafuu kuliko aliyekufa: anayehama kwa hiari hana haja ya kuacha jina lake likichafuka kwa deni la mdalasini. Lakini unapoteza mteja mmoja aliyekuwa akichukua nusu ya mali yako, na pakti ulizochapisha kwa vipimo vyake zinabaki stoo.

Zilizo hai: Naivas, Quickmart, Carrefour

Naivas ndiyo kubwa kwa sasa Kenya, matawi zaidi ya 100, yote ndani ya Kenya. Mwanzilishi, Peter Mukuha Kago, alikuwa ndugu wa yule Joram Kamau wa Tuskys. Alifungua duka lake mwaka 1990. Kwa hiyo ni koo moja, ufundi mmoja, na hata ugomvi wa warithi ulikuwepo: mwaka 2013 Massmart ilitaka kununua sehemu kubwa ya Naivas, na mzozo wa familia ukawa miongoni mwa mambo yaliyolikwamisha jambo hilo. Kilichowatenganisha ni kilichofuata. Naivas ilikubali kuingiza wageni. Mwaka 2020 waliingia wawekezaji wa taasisi za maendeleo, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Morisi, ikiwa pamoja na Proparco ya Ufaransa na DEG ya Ujerumani, ilichukua asilimia 40. Mwaka 2023 wakaongeza 11, jumla 51. Familia imebaki na 49.

Kwa lugha nyepesi, ukipeleka mzigo Naivas leo, tajiri wako mkubwa anakaa Port Louis. IBL iko kwenye soko la hisa la Morisi, inatoa ripoti zake kila mwaka, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Tayari wanaendesha supamaketi za Winner's kwao, kwa hiyo biashara ya rafu si ngeni kwao. Na taasisi za maendeleo za Ulaya zina kawaida ya kudai taratibu, kwani fedha zao asili yake ni za serikali. Hayo hayakuhakikishii malipo ya siku ya 30. Yanakuhakikishia kwamba shimo likianza kuchimbika, kuna watu wengine wenye nguvu kuliko wewe watakaopiga kelele kabla yako.

Quickmart iko chini ya mfuko wa uwekezaji uitwao Adenia, ambao uliichukua pamoja na Tumaini kisha mwaka 2019 ukaziunganisha zikawa kampuni moja. Mfuko wa aina hii haununui duka ili kulirithisha. Hukusanya fedha za watu, hununua, hukuza, kisha baada ya miaka kadhaa huuza kwa faida na kuwarudishia wenye fedha. Mpelekaji ajue mambo mawili. Kwanza, mwenye nia ya kuuza hutaka vitabu safi, na deni la wapelekaji lililolala huchafua vitabu. Kwa hiyo kuna hamu ya kulipa. Pili, siku moja tajiri atabadilika, na mkataba wako utasomwa upya na mtu usiyemjua. Andika kila kitu. Ahadi ya mdomo ya meneja haiuzwi pamoja na kampuni.

Carrefour inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayowavutia zaidi watu wetu na ndiyo yenye mambo mengi. Jina ni la Kifaransa. Mwenye maduka ya Kenya na Uganda ni Majid Al Futtaim ya Dubai, kampuni ya familia ambayo mwanzilishi wake alifariki Disemba 2021. Imekodi jina la Carrefour kwa mkataba. Ilifungua Kenya mwaka 2016, ikaingia Uganda, na mwaka 2021 ikachukua nafasi zilizoachwa na Shoprite kule. Kwamba jina na mwenye mali ni vitu viwili tofauti ilionekana Jordan Novemba 2024: asubuhi moja vibao vya Carrefour vilikuwa havipo, vimewekwa vya HyperMax, na tajiri ni yule yule. Oman ikafuata Januari 2025. Kwa hiyo kwenye mkataba usitafute neno Carrefour, tafuta kampuni iliyotia saini.

Sasa kuhusu mkataba wenyewe, hatuna haja ya kukisia, maana umefikishwa mbele ya mamlaka. Mpelekaji wa maziwa ya mtindi, kampuni ya Orchards, aliishtaki Majid Al Futtaim kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Malalamiko yalikuwa juu ya punguzo la nyuma, yaani supamaketi inakata asilimia fulani ya mauzo yako baada ya kuuza. Juu ya mali ya bure inayodaiwa ili bidhaa iingie rafuni. Juu ya mpelekaji kutakiwa kuweka wafanyakazi wake dukani. Na juu ya mali isiyouzika kurudishwa kwake. Mwaka 2020 mamlaka ilimpa haki mpelekaji, na mwaka 2021 Baraza la Ushindani likaikubali hukumu hiyo. Halafu Disemba 2023, kwa malalamiko ya wapelekaji wengine wawili, Pwani Oil na Woodlands, mamlaka iliitoza kampuni hiyo faini ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya na kuamuru irudishe punguzo lililokatwa. Kampuni iliipinga hukumu.

Nakuomba uangalie Woodlands. Hao ni watu wa asali. Hawakuwa kiwanda kikubwa cha mafuta chenye mawakili. Walikuwa karibu na sisi kuliko na Pwani Oil. Na walishinda kwa sababu sheria ya ushindani ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2016 na yale ya 2019, inamtaja mnunuzi mwenye nguvu anayemkandamiza mpelekaji. Ukiuza Nairobi, ngao hiyo ipo. Hapa kwetu ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, lakini mkataba uliotiwa saini Nairobi kwa kawaida utasomwa kwa sheria ya Kenya, kwa hiyo uhesabu na nauli ya kwenda kulalamika.

Rai yangu: Carrefour haionekani kuwa mtu wa kukimbia na fedha yako. Hatari yake ni nyingine. Analipa, lakini anakata, na mwenye faida ya asilimia 15 akikatwa 10 na kurudishiwa katoni mbili amefanya kazi ya bure.

Dar es Salaam

Shoppers na Village ndizo watu wetu wanazozitaja kwanza. Zote ni kampuni binafsi, hazimo kwenye soko la hisa, na wanunuzi wao wengi ni watu wa Masaki, Oysterbay na Mikocheni, ambao mdalasini wa Zanzibar wanautaka kwa jina. Mzigo unapita bandari ya Malindi na kufika siku hiyo hiyo au ya pili yake. Meneja wa manunuzi unaweza kumwona uso kwa uso kwa gharama ya tiketi ya boti. Udhaifu ni ule ule wa kampuni yoyote ya binafsi: hesabu zake hutazioni, kwa hiyo pima kwa mwendo. Akilipa mzigo wa kwanza kwa wakati, peleka wa pili. Asipolipa, usipeleke kwa matumaini.

Nyumbani

Unguja na Pemba rafu ziko kwa wenyewe: familia za wafanyabiashara wa Darajani, Mkunazini na Michenzani, maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe, maduka ya hoteli za Kiwengwa, Nungwi na Paje, na kule Pemba maduka ya Chake Chake na Wete. Mwenye duka unamjua anaposali. Baba yake alijuana na baba yako, au walikosana, na hilo nalo ni taarifa.

Dhamana ya nyumbani ni aibu, na aibu ni dhamana yenye nguvu mpaka ifike masika. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache, na maduka yanayotegemea watalii hukauka. Deni la Machi linalipwa Julai. Mtu si mwizi, fedha haipo. Kwa hiyo anayeuza viungo kwa watalii peke yake ana miezi miwili ya njaa kila mwaka, wakati anayeuza pakti ndogo za mitaani, bizari ya pilau na pilipili manga, ana Ramadhani ya kumfidia. Nimeona vikundi vinavyodharau duka la mtaani kwa sababu halina kiyoyozi, na hilo hilo ndilo linalowalipia umeme.

Ubaya mwingine wa nyumbani ni kwamba hakuna anayeandika. Daftari la tajiri linasema pakti 80, lako linasema 100, na hakuna saini. Kitabu cha hati za kupokelea mzigo ni bei ndogo. Kinunue.

Mzigo mmoja, milango minne

Chukulia pakti 600 za mdalasini kwa mwezi, bei yako shilingi 2,500, jumla 1,500,000. Gharama yako, mali na pakti na nauli, 1,000,000.

Ukiwapa maduka ya Mkunazini na Darajani pakti 150 kila wiki na kulipwa mzigo wa nyuma unapoleta mpya, fedha iliyo nje kila wakati ni 375,000. Akikimbia tajiri mmoja, unaumia, unaendelea.

Ukimpa mtu wa Dar mzigo wote kwa siku 30, nje pana 1,500,000, pengine 3,000,000 ikiwa anachukua mzigo wa pili siku ile ile anayotakiwa kulipa wa kwanza na hundi ikachelewa.

Kenya kwa siku 60: umepeleka siku ya kwanza, ya 30 na ya 60 kabla hujaona shilingi. Mizigo mitatu, ankara za 4,500,000, na 3,000,000 za mfukoni mwako zimeshatoka. Juu yake weka nauli ya bara kupitia mpaka wa Horohoro, wakala wa forodha, na mabadiliko ya thamani ya shilingi ya Tanzania na ya Kenya. Hapo ni Naivas au Quickmart, bila kukatwa kitu.

Carrefour, na punguzo la nyuma la asilimia 10 kwa mfano: ile 500,000 ya faida kwa mwezi imekuwa 350,000 kabla ya katoni za bure za kuingilia na kabla ya mali kurudi. Hesabu hizi ni za kufikirika. Weka zako, lakini zipange hivi.

Kikundi chenye mtaji wa milioni mbili hakiwezi Kenya moja kwa moja. Kinaweza Kenya kwa kumwuzia msambazaji wa Mombasa anayenunua taslimu, naye akabeba yeye mzigo wa kungoja. Bei itashuka, pengine kwa robo. Unalipia usingizi, na kwa mtaji huo naona ni bei ya haki.

Bidhaa nayo ina mlango wake

Mdalasini, hiliki, pilipili manga na manjano ni mali isiyooza haraka, kwa hiyo inastahimili Dar na Kenya. Sabuni ya mwani nayo inastahimili, na ndiyo ningeipeleka mbali kwanza: hakuna wa Nakuru anayelima mwani, kwa hiyo ni vigumu supamaketi kutengeneza ya jina lake na kuiweka pembeni ya yako kwa bei ya chini. Mdalasini ataufungasha mwenyewe akiona unauzika, kwa kuwa Naivas na Carrefour zina bidhaa zenye majina yao. Mafuta ya nazi yabaki Zanzibar na Dar. Kwenye baridi ya Nairobi yanaganda, na mteja asiyeyajua anayarudisha akidhani yameharibika.

Karafuu ina habari yake. Mkulima anaiuzia ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kununua karafuu kienyeji Pemba ukaifungasha kwa ajili ya kuivusha ni kujitafutia kesi. Anayetaka karafuu kwenye pakti zake aanze na ruhusa, tena kabla hajachapisha lebo.

Makaratasi kwa milango yote mikubwa yanafanana: usajili wa biashara kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, alama ya ubora ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, namba ya mlipa kodi, na bakodi, ile mistari ya kwenye pakti inayosomwa na mashine, ambayo kwa Tanzania huanza na 620. Kwa Kenya ongeza cheti cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo usiozidi dola 2,000 una utaratibu wake mwepesi. Kikundi kisicho na bakodi kisipoteze nauli kwenda Dar, hata kama mdalasini wake ni mtamu kuliko wa watu wote.

Nani, basi

Kwa kikundi kinachoanza, Unguja au Pemba: maduka ya nyumbani, nusu ya watalii na nusu ya mitaani, kwa msimu mzima wa masika mpaka Disemba, ili uone nani analipa fedha ikiwa haba. Kisha Dar, duka moja, si mawili. Mwenye mtaji wa milioni tano na kuendelea na hesabu zilizoandikwa aangalie Naivas kwanza kati ya za Kenya, kwa sababu ya huyo tajiri wa Port Louis anayesomeka, halafu Quickmart. Carrefour ningemwachia mwenye bidhaa ambayo wao ndio wanaomtafuta.

Na popote utakapokwenda, vifungu viwili viwemo. Kimoja kinasema mali ni ya mpelekaji mpaka ilipwe, ili msimamizi wa ufilisi akifika akute pakti zako rafuni si zake. Cha pili kinaweka kikomo: deni likifika kiasi fulani, au likipita siku kumi, mzigo unasimama bila ugomvi na bila kuomba radhi. Wakubwa huvikataa vyote viwili mara ya kwanza. Akikataa, usinung'unike, mpe pakti 60 badala ya 600, uone atalipa lini.